Kikapu cha Halfani

Asubuhi Kasimiri alipopanda lori la Halfani kwenda ziwani kuvua, mwanawe Kalista alikuwa na siku tatu hajalala. Mwiba ulimchoma unyayoni akiokota kuni. Mwiba ukatolewa, uchungu ukabaki, na sasa mguu ulikuwa umevimba hadi karibu na goti, ngozi imekaza inang'aa. Sista wa zahanati ya misheni alikwisha kusema kwamba dawa zake zimefika mwisho. "Mpelekeni hospitali ya boma, Sumbawanga," alisema, "na msichelewe."

Kusema ni rahisi. Kutoka Mwazye hadi Sumbawanga, mtu mzima mwenye miguu yake miwili alitembea siku mbili na zaidi, na huyu alikuwa mtoto wa miaka tisa asiyeweza hata kufika uani. Gari la kutegemea lilikuwa moja tu, lori la Bashiri, mwenye duka wa mtaa wa Majengo mjini Sumbawanga, lililoendeshwa na mpwa wake Halfani. Kila mwezi Halfani alifika Mwazye Ijumaa, Jumamosi akateremka Kasanga, kando ya ziwa, kuchukua samaki wakavu, jioni akarudi kupakia ulezi, na Jumapili alfajiri akashika njia ya mjini.

Ijumaa ile aliutazama mguu wa Kalista, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia Bertilla, mama wa mtoto: "Shemeji, usilie. Jumapili nitakupakia wewe na mtoto. Adhuhuri haitawakuta njiani."

Ikabaki kungoja siku moja. Kasimiri alitaka kuingoja nyumbani, Bertilla akamkatalia. "Ukikaa hapa utanisaidia kulia tu," alisema. "Nenda na wenzako kama siku zote. Mtoto apate hata mchuzi wa samaki."

Sasa, mwaka ule ulikuwa mwaka mbaya wa maneno. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini vijana waliorudi kutoka migodini Rhodesia walirudi na habari za mumiani. Walisema wako watu wanaolipwa kuwatoa wenzao damu na kuitia chupani, ipelekwe kusikojulikana ikawe dawa. Walisema mumiani hana pembe wala mkia, ni mtu unayemjua, tena hupenda magari yenye turubai. Mtu mmoja wa kijiji cha pili alikwenda Kasanga kuuza kuku asirudi. Baadaye sana ilijulikana kwamba alimkimbia mkewe, anakaa ng'ambo ya mpaka na mwanamke mwingine, lakini habari hiyo haikuwa tamu, kwa hiyo haikutembea.

Aliyezijua habari hizi kuliko wote alikuwa Adolfu, jirani wa Kasimiri na mwenzao wa tatu wa kuvua. Adolfu alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kumsaidia mtu kulima, mwepesi wa kubeba jeneza. Mdomo wake tu ndio haukuwa na mlango.

*

Majabali yao yalikuwa upande wa kusini wa Kasanga, mahali mlima unapoingia ziwani bila kuaga. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kuona kivuli cha samaki kikipita juu ya mawe ya chini. Wakati wachuuzi wanashona magunia ya samaki, wale watatu walikaa kila mtu na jiwe lake, mshipi mkononi. Kasimiri alivulia minyoo aliyochimba kwenye bustani ya mkewe. Adolfu alivulia ugali. Halfani alivulia siri.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Kila baada ya muda aliinuka, akazunguka nyuma ya jabali kubwa alikokiweka kikapu chake, akarudi na madonge ya pumba yaliyolowa, ameyafumbata viganjani. Moja alilitupa majini, jingine alilichomeka kwenye ndoana. Samaki walimjia kama walioitwa majina.

"Unatia nini humo, bwana?" Kasimiri alimwuliza.

"Chambo cha kwetu," Halfani alicheka. "Ukikijua wewe, mimi nitawaringia nini?"

Miaka miwili jibu hilo lilikuwa likiwachekesha wote. Siku ile Adolfu hakucheka. Halfani alipokwenda tena nyuma ya jabali, Adolfu alisogea mpaka kwenye jiwe la Kasimiri, akajifanya anafungua mshipi uliojifunga fundo.

"Mtu mzima anajificha kwa ajili ya pumba?"

"Ndiyo mambo ya wavuvi."

"Huyu si mvuvi, ni dereva. Na madereva wanalala njiani, wanakutana na watu." Adolfu alishusha sauti. "Mimi sisemi kitu. Lakini lisemwalo lipo. Kaangalie tu, roho yako itulie. Wewe ndiye unayempa mke na mtoto."

Kasimiri alimwambia aache upuuzi. Aliendelea kuvua, lakini alikuwa havui tena, alikuwa anasikiliza. Mtu ambaye mwanawe ni mgonjwa hana ngozi, neno lolote linamwingia. Halfani aliporudi na kukaa, akavuta kuhe mkubwa, samaki mnene wa majabalini, wote wakapiga kelele za furaha, na Kasimiri akapiga pia. Kisha akasema anakwenda haja ndogo.

Kikapu kilikuwa kivulini, kimefunikwa gunia. Ndani mlikuwa na pumba, mkeka wa kuswalia uliokunjwa vizuri, na chini kabisa chupa iliyoviringishwa kitambaa, mdomo umezibwa kwa gunzi la muhindi. Kasimiri aliitikisa. Kitu kizito kilicheza ndani. Alichomoa gunzi, akanusa, akaliona tone lililomdondokea kidoleni.

Alikuwa mkulima, amechinja mbuzi na nguruwe tangu ujana wake. Damu hakuhitaji kuambiwa.

Alilirudisha gunzi mahali pake, akaviringisha kitambaa kama alivyokikuta, akanawa kidole ziwani mara tatu. Kama angerudi akasema, "Halfani, nimeona chupa yako, ni ya nini?" hadithi hii ingekuwa fupi na ya kuchekesha. Hakusema. Kuna maswali ambayo mtu huona kuyauliza ni kumtukana mwenzake, basi anaacha kuuliza, anamhukumu kimyakimya, na kujiona ana adabu.

*

Tangu hapo kila neno la Halfani lilikuwa na upande wa pili.

"Kesho wawe tayari mapema, kabla watu hawajaamka," Halfani alisema, macho kwenye mshipi. "Na usimwambie mtu."

"Kwa nini tusimwambie mtu?"

"Lori la mizigo halipakii watu. Askari wa njia ya mjini wakiona ni faini, na mjomba Bashiri ataninyang'anya usukani siku hiyohiyo. Nitawalaza katikati ya magunia, niwafunike turubai. Tukishapita Matai, penye askari, nitafunua."

"Mimi nitakaa wapi?"

"Wewe nafasi sina, bwana. Mbele atakaa fundi na vifaa vyake. Utatufuata kwa miguu." Kisha akauliza, kwa upole kabisa: "Mtoto anakula? Ana nguvu bado?"

"Anakula," Kasimiri alijibu. Moyoni alijiuliza kwa nini mtu atake kujua kama mtoto wa mwenzake ana nguvu.

Jua lilipoinama walikusanya samaki wagawane. Desturi yao ilikuwa ile ya wazee. Samaki wote, aliyevua awe yeyote, walipangwa mafungu matatu juu ya jiwe. Mmoja aligeuka akawapa mgongo, mwingine akagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka akataja jina bila kuliona fungu. Siku zote aliyegeuka alikuwa Halfani, kwa sababu ndiye aliyevua wengi na hakulalamika hata mara moja.

Safari hii, kabla ya kupanga, alimtoa kando yule kuhe. "Huyu hagawanywi," alisema. "Ni wa mgonjwa." Kisha akageuka kama kawaida.

"Leo ageuke mwingine," Adolfu alisema.

Halfani aligeuza shingo. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tubadilishe tu."

Halfani alitabasamu, tabasamu likakaa vibaya usoni. Alisogea pembeni, akajifuta mikono kwenye suruali. Kasimiri ndiye aliyegeuka. Alisimama akitazama mlima, mgongo wake kwa mtu yule. "Hili la nani?" Adolfu aliuliza. Kasimiri alitaja majina harakaharaka, bila mpango, mpaka akamtaja Adolfu mara mbili, na ikabidi waanze upya.

Njiani kupanda Ufipa hakuna aliyeimba. Halfani alijaribu utani mmoja na mwingine, kisha akaendesha tu.

*

Bertilla alimpokea mumewe mlangoni, akachungulia kikapu. Fungu la samaki lilikuwamo, yule mkubwa hakuwamo. Kasimiri alikuwa ameshuka lorini nje ya kijiji, akamtupa kwenye majani.

"Halfani alipita akasema nimkaangie mtoto kuhe," Bertilla alisema. "Yuko wapi?"

"Aliharibika."

"Samaki wa leo?"

Kasimiri aliketi juu ya kinu kilicholazwa. Ndani, nyuma ya pazia la gunia, Kalista alikuwa akiguna, kisha akanyamaza. Walidhani amesinzia. Baba alimweleza mama habari yote, chupa, gunzi, turubai, "usimwambie mtu," na swali la nguvu za mtoto. Alieleza kwa mpangilio mzuri, na kila alichokieleza kilikuwa kweli.

Bertilla alisikiliza hadi mwisho. "Ulimwuliza?"

"Mtu anaulizwaje jambo kama hilo?"

"Kwa mdomo. Kuuliza si ujinga."

"Ungekuwa wewe peke yako na mtu wa namna hiyo majabalini, ungeuliza?"

"Mlikuwa watatu, Baba Kalista. Yeye ndiye aliyekuwa peke yake."

Kasimiri alichukua ukali mahali pa jibu. "Mimi ndiye baba. Mke wangu na mwanangu hawafunikwi turubai na mtu mwenye chupa ya damu. Jumatatu nitatafuta wabebaji wa machela."

"Sista alisema tusichelewe."

"Siku moja tu."

Bertilla aliingia ndani kuukanda mguu wa mtoto kwa maji ya chumvi. Aliapa moyoni kwamba alfajiri angemchukua mwanawe na kwenda kwenye lori, liwe liwalo. Lakini neno likishasemwa ndani ya nyumba halitoki kwa mlango lilioingilia. Alikanda, akakumbuka jinsi Halfani alivyoutazama mguu Ijumaa na kunyamaza. Alinyamazia nini?

*

Lori lilikuja kabla ya jua, taa moja inawaka, nyingine imekufa. Bertilla alikuwa tayari amemfunga Kalista kwenye shuka. Alipofungua mlango aliona watu. Walikuwa kando ya njia, wanane au kumi, wameshika marungu na mikuki ya nguruwe pori, kimya kama wanangoja ibada. Adolfu alikuwa nyuma yao. Aliyonong'onezwa na Kasimiri jana yake jioni alikuwa amemwambia mkewe tu, na mkewe alikuwa amemwambia dada yake tu.

Bertilla aliwatazama. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga, alifikiri. Akarudi hatua moja ndani.

Halfani alishuka, akayaona marungu, akaja polepole hadi kwa Kasimiri, aliyesimama kando ya mlango. "Asalaam aleikum. Wako tayari?"

"Mtoto amekwenda kwa bibi yake," Kasimiri alisema. "Amepata nafuu."

Ndani ya nyumba Kalista aliguna, kwa sauti ndefu iliyofika hadi barabarani. Nyumba ile haikuwa na mtoto mwingine, na Halfani alijua.

Walitazamana. Kasimiri ndiye aliyeinamisha macho, na kwa kuwa alikuwa ameyainamisha hakuona jinsi uso wa mwenzake ulivyobadilika, kwanza kwa mshangao, kisha kwa kuelewa, kisha kwa aibu. Ndiyo, aibu. Mtu akishukiwa bure huona haya kana kwamba amefanya kweli.

"Basi akirudi kutoka kwa bibi yake," Halfani alisema, "mumpe salamu zangu."

Alipanda, akawasha. Kijana mmoja alirusha jiwe, likagonga ubao wa nyuma. Lori lilipopinda kona upepo uliinua turubai, na Bertilla akaona ndani. Katikati ya magunia ya ulezi kulikuwa na nafasi ya watu wawili, imetandikwa majani makavu, na juu ya majani blanketi la Halfani mwenyewe, lile la kijivu alilolalia safarini.

*

Machela iliondoka Jumatatu, kwa sababu Jumapili hakuna aliyetaka kubeba mzigo baada ya misa. Adolfu alibeba mbele mwendo wote, hakukubali kupokewa. Mvua iliwakuta Matai. Walifika Sumbawanga Jumatano jioni, na Alhamisi daktari alimkata Kalista mguu juu ya goti.

"Mngefika Jumapili ningekuwa na la kufanya," alimwambia Kasimiri kupitia kwa dresa, msaidizi wake. Dresa aliitafsiri sentensi hiyo huku anatazama dirisha.

Hospitalini mgonjwa alilishwa na ndugu zake, na Kasimiri na Bertilla hawakuwa na ndugu mjini. Siku ya kwanza walikula viazi vilivyobaki vya safari. Siku ya pili, saa saba, mwanamke mnene mwenye kanga mbili na kapu kichwani aliingia wodini, akauliza kitanda cha mtoto wa Mwazye.

"Mimi ni Adija, mke wa Halfani," alisema. "Mume wangu amesikia kwa watu sokoni kwamba mko hapa. Mbona hamkuja nyumbani? Tungelala njaa sisi mle nyinyi?"

Alifunua kawa. Sahani za bati tatu, wali na samaki wa kukaanga, migebuka, moja ya mtoto, moja ya mama, moja ya baba. Akawanawisha mikono mwenyewe. Kasimiri alikula. Sijui chakula kile kilipita vipi kooni mwake, lakini kilipita, maana njaa haina adabu.

Alikuja tena siku ya tatu na ya nne, sahani tatu kila mara. Halfani hakuja. Ana safari, Adija alisema. Ana kazi gereji. Siku ya tano hakutoa sababu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamchambulia Kalista miiba ya samaki, akaanza kucheka peke yake.

"Samaki wenyewe sasa tunanunua. Yule bwana alikuwa na wazimu wake wa kuvua, Mama Kalista, hujapata kuona. Anakwenda machinjioni anaomba damu ya ng'ombe, anaitia chumvi isigande, anaficha chupa nyumbani kwangu. Nyumba ninayoswalia. Siku niliyoikuta chini ya kitanda nilimtoa nje yeye na chupa yake. Akaniapia mtu yeyote asijue, mjomba Bashiri akisikia lori lake linabeba najisi atamfukuza."

Bertilla aliacha kutafuna. Kasimiri alikuwa ameshika tonge, akalirudisha kwenye sahani, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Sasa ameacha," Adija aliendelea, na kicheko kikamwisha. "Tangu safari ile. Mishipi yake yote ameigawa kwa watoto wa mtaani. Hali vizuri, hasemi. Shemeji, wewe ulikuwa naye siku ile. Nisaidie. Kulitokea nini kule majabalini?"

Wodi ilikuwa na watu wengi, na kila mtu alikuwa na maumivu yake, hakuna aliyekuwa akiwasikiliza. Kasimiri alimtazama mkewe. Bertilla alikuwa akimtazama yeye, na hakumsaidia.

"Hakuna kilichotokea," alisema. "Tulivua, tukagawana, tukarudi."

"Baba alisema mjomba Halfani ana damu ya watu kwenye chupa," Kalista alisema. Mdomo ulikuwa umejaa wali. "Nilisikia. Ndiyo maana hatukupanda lori."

Adija alibaki na mkono juu ya sahani. Alimtazama mtoto, kisha akatazama mahali ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa juu ya godoro, pasipo na kitu chini yake. Alipozungumza alizungumza taratibu, na mtoto tu.

"Ya ng'ombe, mwanangu. Damu ya ng'ombe. Ya kuvulia samaki." Kisha akamgeukia Kasimiri. "Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza," Kasimiri alisema.

Bertilla alijifunika uso kwa upindo wa nguo yake. Adija alikaa mpaka mtoto alipomaliza kula, akamfuta mdomo kwa kanga yake, akakusanya vyombo, akaondoka bila kuaga.

Usiku ule Kasimiri, aliyelala na wauguzaji wengine kwenye banda la nje, alijiambia kwamba kesho angekwenda Majengo, aulize nyumba ya Halfani, asimame mlangoni, aseme. Alipanga maneno hadi yakanyooka. Asubuhi aliamka, akafika mpaka kwenye kona ya kwanza ya maduka, akaliona lori limeegeshwa, akarudi wodini kumgeuza mtoto.

Saa saba Adija alikuja. Alimsalimu Bertilla, akamsalimu mgonjwa wa kitanda cha pili, akamwuliza Kalista kama alilala vizuri. Akafunua kawa.

Sahani zilikuwa mbili.